Msimng'arishe mama yangu

Ukutani kwa mama pale Ngamiani, Tanga, familia yetu imeishia 2007. Nimeliona hilo mwezi wa nne nilipoenda kumsalimia, nimekaa kwenye kochi nasubiri chai, macho yakapanda ukutani yakaanza kuhesabu. Kuna baba na kanzu yake na kofia ya viua, kapigwa studio, nyuma yake pazia la bluu na ua la plastiki juu ya stuli. Kuna harusi yao. Kuna mimi na sare ya shule ya msingi, soksi moja imeshuka. Kuna kaka yetu siku ya mahafali. Ya mwisho ni mdogo wangu anaingia kidato cha kwanza, pembeni ina zile namba za rangi ya machungwa ambazo kamera ilikuwa inaandika yenyewe, 2007. Baada ya hapo hamna kitu. Wajukuu saba wa mama, hata mmoja hayupo ukutani.

Nikamuuliza mama mbona hujaweka za watoto, akaniambia niweke nini mwanangu, mnanitumia kwenye simu, naangalia, alafu watu wanatuma salamu za Ijumaa, picha inapanda juu mie siijui tena ilipo.

Hiyo kauli ilinikaa. Manake mimi kwenye simu nina picha zaidi ya elfu tisa, zingine nimeziweka Google Photos toka enzi zile za bure (bure ile iliisha mwezi wa sita 2021, toka hapo ukijaza GB 15 unalipia), na katika hizo elfu tisa mama yangu hana hata moja ya kushika mkononi. Zamani tulikuwa na mkanda wa picha 36, unapiga kwa kuhesabu, ukiisha unaupeleka studio kusafisha, unasubiri wiki, unaletewa bahasha ina picha na vipande vya negativu. Zilikuwa chache lakini zote zilifika ukutani au kwenye albamu. Sasa hivi tunapiga 36 kabla keki haijakatwa na hamna inayofika popote.

Bas, nikaamua kabla ya Idi kubwa huo ukuta utasogea. Na kwasababu nakaa Dar, natoka kazini jioni, foleni unaijua, sikutaka kuzunguka Kariakoo na flashi mkononi natafuta studio. Nikasema nifanye kila kitu kwenye simu. Miezi miwili nimejaribu huduma nne tofauti, majina sitaji, lakini nitasema kila kilichotokea maana kuna mtu na yeye ana mama yake anasubiri.

Ya kwanza niliipata Instagram. Ukurasa mzuri, wafuasi wengi, wanachapa picha, vikombe, mito, saa za ukutani, kila kitu. Unawasiliana WhatsApp, unatuma picha, unapewa bei, unalipia kwa lipa namba, kesho yake boda anakuletea. Nikachagua picha 52, saizi ile ya kawaida ya inchi 4 kwa 6, nikazituma zote usiku mmoja. Kesho yake saa tisa mchana boda kafika ofisini. Kwa spidi sina neno, walikuwa fasta kweli. Nikafungua bahasha harakaharaka, nikaona watoto, nikaona rangi nzuri, nikafunga nikapeleka stendi kwenye basi la Tanga mzigo ufike Ijumaa.

Ijumaa usiku mama kanipigia. Anashukuru, anaomba dua, lakini namsikia sauti haiko sawa. Jumamosi ya wiki iliyofuata nikaenda mwenyewe. Picha zilikuwa mezani amezipanga kama karata, na moja ameiweka kando. Ilikuwa yake yeye mwenyewe, nimempiga uani anachambua mchele, jua la asubuhi linampiga upande mmoja wa uso. Kaichukua akaisogeza dirishani akaniuliza, "Huyu nani?"

Nikaiangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamemng'arisha. Ngozi ya mama ni nyeusi, ile nyeusi ya kupakwa mafuta ya nazi asubuhi, kwenye picha ilikuwa ya kahawia kama chai ya maziwa. Mikunjo ya machoni hamna. Doa lake chini ya jicho la kushoto hamna. Na kipini cha pua, kile alichowekwa na bibi yake akiwa mtoto, ambacho hajawahi kukivua mbele yangu hata siku moja, kimefutwa. Nadhani ile programu ya kulainisha sura ilikiona ni chunusi. Pua ya mama yangu imebaki tupu, laini, kama ya mtu ambaye hajaishi popote.

Niliumia sana kwakweli. Nikawaandikia, wakajibu kwa upole tu kwamba dada hiyo tunawafanyia wateja wote bure, ni ofa, watu wanapenda. Naamini kabisa kuna watu wanapenda. Lakini mimi sikuomba, na mama hakuomba, na mtu wa miaka sabini huwezi kumfuta miaka yake bila kumuuliza alafu ukamtoza shilingi 700 kwa kipande. Toka siku hiyo kila oda naanza na sentensi moja: msiguse sura, msing'arishe, msilainishe, chapeni kama ilivyo. Iandike kwanza, kabla ya bei, kabla ya kitu chochote.

Kulikuwa na tatizo la pili kwenye zile 52 ambalo lilinichukua mda kulielewa. Picha nyingi za kundi zilikuwa zimekatwa. Ile ya Idi iliyopita, ukoo mzima umesimama barazani, mjomba mrefu hana kofia na watoto waliokaa mbele hawana miguu. Nikafikiri wamekata kwa uzembe, kumbe ni hesabu. Simu nyingi zinapiga picha kwa uwiano wa 4 kwa 3, yani ukiichapa upana wa inchi 6 urefu wake unatakiwa uwe inchi 4 na nusu, sasa karatasi ni inchi 4. Ile nusu inchi lazima iende mahali, mashine inaikata yenyewe juu na chini bila kujua kwamba pale juu kuna kofia ya mjomba. Nusu inchi inasikika ndogo lakini kwenye picha ya kundi nusu inchi ni vichwa. Dawa yake ni mbili, ama unaikata mwenyewe kwenye simu kabla ya kutuma, uwiano wa 3 kwa 2, ukichagua wewe nini kibaki, ama unaomba wakuachie ukingo mweupe pembeni picha iingie yote. Mimi siku hizi naomba ukingo. Mama anaupenda, anasema ni kama picha za zamani.

Na kuna WhatsApp. Ukituma picha kawaida, WhatsApp inaipunguza, upande mrefu unabaki pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) kama 1600 hivi, wakati simu yenyewe imepiga 4000. Kwa picha ndogo hutaona kitu. Fundi anapenda apate pikseli 300 kwa kila inchi, kwahiyo inchi 6 zinataka 1800, ile 1600 inakaribia, inasamehewa. Lakini ukitaka A4 ya kuweka kwenye fremu, upande mrefu peke yake unataka pikseli 3500, hapo ile ya WhatsApp itatoka imefifia, kope za mtoto zinakuwa ukungu. Ukitaka kubwa tuma kama dokumenti, siyo kama picha. Ile ya HD waliyoileta 2023 ni nafuu lakini nayo inapunguza, dokumenti haigusi kitu. Skrinshoti ya status usiipeleke kabisa.

Huduma ya pili ilikuwa tovuti, unafungua akaunti, unapakia picha mwenyewe. Hii ilikula bando, picha mia moja za MB 4 au 5 ni karibu nusu GB, nikawa napakia usiku nimelala. Faida yake ni kwamba inakuonyesha fremu juu ya kila picha, unaivuta kwa kidole kuchagua kinachokatwa, kwahiyo mjomba akapata kofia yake. Na picha ikiwa ndogo kwa saizi uliyochagua inaweka alama ya pembetatu ya njano, ukiiona hiyo usibishane nayo, shusha saizi. Picha zilitoka giza kidogo kuliko nilivyozoea kuziona kwenye simu, nikadhani mashine mbovu, baadae nikaelewa kwamba kioo cha simu kinatoa mwanga chenyewe na karatasi haina taa ndani yake. Siku hizi nashusha mwanga wa kioo mpaka nusu ndo nahukumu picha, nikiona giza naipandisha kidogo kabla ya kutuma. Zaidi ya hapo hiyo huduma sina la kuieleza, ilifanya kazi, walichelewa siku tatu wakaomba radhi.

Ya tatu ilikuwa kitabu cha picha, siyo albamu ya kubandika, kitabu kabisa kilichochapwa. Mdogo wangu, huyohuyo wa 2007, yuko Uingereza, na huko huduma hizi zimekaa zaidi, hata Google Photos inachapa vitabu kwa watu wa Marekani, Kanada na Ulaya ila huku hawaleti. Yeye akaagiza kwenye kampuni ya huko, mimi nikapanga kurasa kwa akaunti yake nikiwa hapa Dar, kurasa 40, kichwa cha kila ukurasa nimeandika kwa Kiswahili, programu ikanipigia mstari mwekundu chini ya kila neno lakini ikachapa vilevile nilivyoandika. Akaja nacho likizo kwenye begi.

Kitabu ni kizuri, karatasi nzito, rangi zimetulia. Lakini ukurasa wa katikati niliweka picha moja ya ndugu wote itandae kurasa mbili, na shangazi aliyesimama katikati kabisa kaangukia kwenye mkunjo. Ukifungua kitabu unaona bega la kulia na bega la kushoto, uso umemezwa. Shangazi mwenyewe alipokitazama alikigeuza huku na huku anajitafuta. Nilijisikia vibaya mno. Kuna vitabu vinavyofungwa kwa namna vinalala wazi kabisa, kurasa hazimezi kitu, vinauzwa ghali zaidi, ukitaka kutandaza picha chukua hivyo. Kama huchukui, katikati pawe na mti au ukuta au keki, mtu usimuweke.

Sasa vikombe, hivi ni nje ya zile huduma nne. Nilikuwa sitaki vikombe, niliona ni mambo ya kampuni na kampeni, lakini wajukuu ndo walitaka kumpa bibi yao. Niliingia mpaka kwenye kakibanda kenyewe kuona wanavyofanya na kwakweli nilivutiwa. Picha inachapwa kwenye karatasi ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, kwa wino maalumu, rangi zinaonekana zimepauka kabisa mpaka unapata wasiwasi. Wanaizungushia kwenye kikombe, wanaibana na utepe wa kuhimili moto, wanaingiza kwenye mashine inayokumbatia kikombe, joto karibu nyuzi 180 na zaidi, dakika chache tu. Ule wino unageuka mvuke bila kuwa maji kwanza, unaingia ndani ya ngozi ya plastiki iliyopakwa juu ya kikombe. Wakibandua karatasi rangi zimewaka. Ndo maana hauwezi kuchukua kikombe chochote cha nyumbani ukapeleka, lazima kiwe kimepakwa ile dawa, na ndo maana kwenye tisheti ya pamba njia hii haikai, inataka kitambaa cha polyester, na kiwe cheupe kwasababu wino mweupe hamna, weupe unatokana na kikombe chenyewe. Kanzu ya baba kwenye kikombe ni kikombe. Usikioshe na stilwaya, tumia sponji laini tu.

Lakini hicho kibanda ndo kiliniletea kitu kingine. Siku mbili baadae rafiki kanitumia, ona, huyu si mtoto wa kaka yako? Walikuwa wameweka kikombe chetu kwenye ukurasa wao, tangazo, uso wa mtoto wa miaka mitano na jina lake limeandikwa chini, karibuni wateja. Hawakuniuliza. Nikawaambia watoe, wakatoa siku hiyohiyo, hawakubisha, nashukuru. Ila watu wajue kuna sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi toka mwezi wa tano 2023, na sura ya mtoto na jina lake siyo mali ya aliyemchapia kikombe. Unapotuma picha unatuma kwa mtu usiyemjua nyuso za watu wako wote, nyumba yenu, sare ya shule. Uliza wanazifuta lini. Mimi sikuwa nauliza, sasa nauliza.

Nimeacha ya nne mwisho kwasababu hii inahusu baba.

Ile picha ya studio yenye pazia la bluu ilikuwa imeanza kwenda. Tanga ni unyevu na chumvi ya bahari, picha ya rangi ikikaa ukutani miaka thelathini inageuka wekundu, pazia la bluu mnaliita bluu kwa kumbukumbu tu. Za nyeusi na nyeupe zilivumilia zaidi, ukienda Unguja ukapita Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, unakuta watu wa miaka hiyo bado wanakutazama wazi kabisa, kwasababu ile ni fedha kwenye karatasi, haichujuki kama rangi. Ya baba ilikuwa rangi. Na negativu haipo, studio ilishafungwa siku nyingi. Hiyo karatasi ndo pekee iliyobaki.

Nikaipiga na simu, ikatoka na mng'ao wa dirisha kifuani. Nikasogea pembeni, nikafunga flashi, ikawa afadhali lakini kona moja imepinda. Mwisho nikaitoa kwenye fremu kwa mikono inatetemeka maana ilikuwa imeanza kushikana na kioo, nikaipeleka kuskaniwa kwenye mashine bapa, DPI 600, yani nukta 600 kwa kila inchi. Picha ya inchi 3 na nusu kwa 5 ukiiskani hivyo unapata pikseli 2100 kwa 3000, inatosha kuikuza mara mbili bila kuharibika. Nikaituma kwa kijana mmoja ambaye rafiki yangu kazini alinielekeza, naye anafanya kazi mtandaoni tu, hana duka, unamtumia kwa imeili, anasafisha picha za zamani na kuzichapa kwenye karatasi ya studio. Nikaandika sentensi yangu: usiguse sura. Rudisha rangi, ondoa madoa ya unyevu, sura usiguse.

Siku ya tatu simu ikalia saa mbili usiku. "Samahani dada, shikamoo kwanza. Niko na picha ya mzee hapa. Nimeshasafisha madoa yote ila kuna mstari kwenye shavu la kulia, unashuka mpaka karibu na kidevu, mwembamba. Nimekuza nimeangalia nashindwa kuelewa, ni mkwaruzo wa karatasi au ni kovu lake?"

Nilikaa chini. Ni kovu. Baba aliangukia ngalawa akiwa kijana, kamba ilimchana, alituhadithia mara mia na kila mara samaki waliyekuwa wanamvuta alikuwa anakua. Kwenye ile picha lilikuwa limefifia na wekundu mpaka mimi mwenyewe nilikuwa nalisahau, nina miaka nalitazama bila kuliona. Na huyu kijana ambaye hajawahi kumuona baba yangu alisimamisha kazi akapiga simu kwa vocha yake kuuliza.

Nikamwambia ni kovu, liache. Akasema sawa dada, nilijua tu, kwasababu mkwaruzo unapita moja kwa moja mpaka kwenye pazia, huu unaishia kwenye ngozi.

Alitoza zaidi ya wengine wote, elfu thelathini na tano kusafisha na kuchapa A4, na alichukua siku tisa. Ningemlipa mara mbili. Hao wote watatu wa mwanzo wana mashine nzuri, na nadhani ile ya tovuti ina mashine nzuri kuliko ya kwake, ila kwao picha yangu ilipita mpaka mwisho bila mtu kuiangalia.

Idi kubwa tulikuwa wote Tanga. Kaka alipigilia misumari, mama kakaa kwenye kochi anaelekeza, siyo hapo, juu kidogo, huyo mkubwa atangulie. Picha kumi na nne. Baba kabaki palepale alipokuwa, pazia limerudi bluu. Mama alisimama mbele yake mda, akaweka kidole juu ya kioo pale shavuni, akakipitisha mpaka chini kwenye kidevu. Hakusema kitu, akaenda jikoni kuangalia wali.

Kikombe cha wajukuu hakijaguswa na chai mpaka leo, kiko kwenye kabati la vioo pamoja na vile vya maua vya wageni. Picha yake ya kuchambua mchele nilimchapishia tena, nyeusi yake, mikunjo yake, kipini chake kinawaka kwenye jua, hiyo kaiweka chumbani.

Juzi kanipigia ana oda yake mwenyewe. Anataka picha ya marehemu jirani yetu wa mtaa wa nyuma, walikuwa wanasuka ukili pamoja toka wasichana, ambaye picha yake aliiona siku ya msiba kwenye simu ya mtu. Anayo, kaniambia, kuna mjukuu alimtumia. Nikaipokea, ni skrinshoti, upana pikseli 540, juu kuna saa na betri ya simu ya mtu asilimia 12. Nikamtumia yule kijana. Kasema dada hii naweza kuitoa ndogo tu, saizi ya kiganja, ikikuzwa haitakuwa yeye, mtafuteni aliyepiga. Kwahiyo sasa hivi naulizia, mtaa kwa mtaa, nani alikuwa na simu siku hiyo.